Ukurasa wa Themanini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Si saratani! Naandika tena niione vizuri: si saratani. Daktari kasema lile doa kwenye pafu la mzee ni kovu la zamani, labda la homa ya mapafu ya utotoni. Daktari mwenyewe kijana, alikuwa anaiambia kompyuta yake, siyo sisi. Nikamwambia, geuka, mwambie mume wangu usoni. Akageuka. Akarudia. Mzee wangu, Kumazo, akauliza kama sake, pombe yetu ya mchele, inaruhusiwa. Kidogo, akasema daktari. Mzee akauliza kidogo ni bakuli ngapi. Nikamfinya.

Nje nikakaa kwenye kiukuta cha maegesho. Mzee kasimama mbele yangu: "Mgonjwa mimi, unayekaa wewe?" Miaka sitini na mitatu ya ndoa, mdomo huo haujapata kufuli.

Tukanunua mikate ya samaki ya kukaanga, tukala tumesimama, mafuta hadi viwikoni. Sijala chakula kikawa na ladha ya chakula tangu mwezi uliopita.

Nyumbani alivua viatu, kisha ghafla — twende tukamalize. Sikuuliza tumalize nini. Kimebaki kitu kimoja tu nyumba hii ambacho hakijamalizwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekitoa kitabu kabatini na kukipangusa vumbi. Mahekalu themanini na manane ya kisiwa chetu, kila moja na ukurasa wake. Unasali, unapeleka kitabu dirishani, mtawa anaandika kwa brashi, anagonga mihuri mitatu myekundu. Tulianza zamani, Chinami mjukuu wetu hajazaliwa. Kila Machi, tukishapogoa michenza, tunakwenda mawili, matatu. Basi, treni, miguu. Mwaka wa kimbunga hatukwenda. Mwaka ule mama mkwe alipokuwa kitandani hatukwenda. Tumefika themanini na saba.

Halafu tukakwama miaka sita! Mara goti. Mara mvua. Mara eti michenza ina wadudu, na mimi nimeikagua haina hata mdudu wa dawa. Nikamwambia wewe ni mvivu, unataka kufa na kitabu chenye pengo. Maana kitabu hicho ni chake cha kuingia nacho kwenye jeneza. Kimejaa, kinawekwa kifuani, moto unawachukua wote wawili, na huko aendako wanampokea vizuri. Ndivyo tunavyofanya sisi. Mama yake alikwenda na chake. Mimi sitaki mume wangu afike na hesabu pungufu, asimamishwe mlangoni kama muuza sabuni.

Chinami kapiga simu. Ameomba ruhusa kazini kwenye duka la dawa, atakutana nasi stesheni ya Matsuyama. Kasema: "Bibi, nakuletea zawadi, na wewe utaanza kukusanya mihuri." Yeye anakusanya mihuri ya stesheni za treni. Kila stesheni ina wake wa mpira umefungwa kamba mezani, unagonga bure. Ana madaftari manane yamejaa. Wenzake wanakusanya wachumba.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimeshona mifuko miwili kutokana na ile kimono yangu ya buluu iliyotoboka. Mmoja wa kitabu cha mzee, mmoja wa hiyo zawadi ambayo sijaiona. Nguo haitupwi.

Mzee amepasi fulana yake nyeupe ya hija mwenyewe. Mwenyewe! Sikusema kitu nisije nikamkatisha.

Jumanne, 12 Machi

Naandika hivyohivyo. Mwalimu wa darasa letu la wazee alisema tuandike hata siku mbaya. Nilishika penseli nina miaka sabini na moja. Utotoni nilibeba wadogo zangu mgongoni, shule niliiona kwa nje. Herufi nyepesi nazijua. Zile za michoro mingi, zilizoandikwa kwenye vitabu vya mahekalu, sizijui hadi leo. Basi.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Nimebeba machenza kilo mbili, tumewagawia watu behewa zima, bwana mmoja wa tai akatupa biskuti. Matsuyama, Chinami anatupungia mikono yote miwili kama anaongoza ndege. Kakonda. Nikamwambia kakonda. Akasema "Bibi, huwa unasema hivyo hata nikinenepa." Kanipa daftari dogo zuri, gamba la kahawia. Nikalitia kwenye mfuko wa buluu, mifuko yote miwili inafanana, yote mkobani kwangu.

Mzee kaenda chooni. Chinami kanivuta mezani. "Haraka Bibi, gonga wa kwanza! Fungua kutoka kushoto, ukurasa wa mwanzo." Nikatoa, nikafungua kutoka kushoto kama nilivyoambiwa. Ukurasa mweupe. Nikachovya, nikagonga kwa nguvu zote za kupogoa michenza. Ukatoka vizuri! Treni, ngome, na chenza kubwa lenye majani. Mwekundu, mkubwa kama bakuli la wali. Mimi nacheka kama mtoto.

Chinami akasema, "Bibi." Tu hivyo. "Bibi."

Kitabu cha hekalu kinafunguliwa kutoka kulia. Ukikifungua kutoka kushoto unaanzia mwisho. Na mwishoni palikuwa na ukurasa mtupu mmoja tu.

Nimegonga treni kwenye hekalu la themanini na nane!

Uso wa Chinami ulikuwa mweupe kama tofu. Anasema mahekalu mengi hayataki kabisa, wakikuta muhuri wa kuchezea kitabuni wanakirudisha bila kuandika. Alilia, akasema ni kosa lake. Nikamwambia nyamaza, mkono ni wangu. Mzee akatoka chooni akiimba. Nikakisukuma kitabu chini ya machenza yaliyobaki.

Njia yote ya treni nimeukalia mkoba. Mzee anaonyesha bahari dirishani, ananiambia tazama. Natazama. Sioni.

Sasa tuko kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima. Chinami kanong'ona tukiwa tunaosha mikono: abandike karatasi nyeupe juu yake, atatumia gundi nzuri, hata haitaonekana. Nikamwambia mjukuu wangu, yule aliyekaa hekaluni ameona mengi, gundi yako hataiona? Hapana. Wala sitamdanganya mtu ambaye wiki mbili zilizopita nilikuwa nachagua picha yake ya msiba.

Ndiyo, nilichagua. Ile ya harusi ya mpwa wake, akiwa amenyoa. Sikuwa nimemwambia mtu.

Mzee kala bakuli mbili za tambi, kamenya na chenza. Kachangamka mno. Kesho asubuhi nitamwambia. Akishakunywa chai.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia kabla ya chai. Sikuweza kungoja maji yachemke.

Alikuwa anafunga mkanda. Nikaweka kitabu juu ya mkeka, nikakifungua, nikasema: "Nimekiharibu. Mimi. Siyo mtoto." Nikapiga magoti, paji la uso kwenye mkeka. Kwa mtu huyu sijapiga magoti tangu siku ya harusi, na siku ile ni kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama.

Nikainua jicho moja. Mzee anatazama treni. Anaitazama sana. Mabega yanatikisika. Nikadhani analia — na hakuwa analia! Alikuwa anacheka hadi anashika ubavu, ubavu uleule wa lile pafu, mimi napiga kelele acha, utapasuka!

"Chenza," anasema. "Bibi, kati ya mihuri yote ya nchi hii, umenigongea chenza."

Kisha akaacha kucheka. Akakaa kitako, akaniambia bila kunitazama. Goti halikuwa linauma. Ile miaka sita. Goti lilikuwa zima, na mvua ilikuwa mvua ya kawaida. Aliogopa. Mama yake alijaza kitabu chake mwezi wa nne, mwezi wa tisa akaondoka. Kaka yake vilevile, hata mwaka haukuisha. "Nikaona kikijaa, kilichobaki ni kukaa na kusubiri. Nikasema nikiacha ukurasa mmoja, hawawezi kuniita. Hesabu haijatimia."

Mpumbavu huyu! Miaka sita namwita mvivu, yeye amelala na woga huo pembeni yangu, mto kwa mto, wala hakusema. Nikampiga begani. Nikampiga tena. Halafu nikakaa pale nikamshika mkono, unanuka maganda ya machenza.

Nikamuuliza, sasa mbona ulisema twende? Akasema alipokaa mwezi mzima akidhani anakufa, kitabu kilikuwa kina pengo vilevile. Ukurasa mtupu haukumlinda na kitu. Ndipo akaona aibu. "Na wakikataa?" nikasema. Akafikiri. Akasema, wakikataa tutanunua kingine, tutaanza la kwanza mwezi wa nne. "Themanini na manane tena. Nina miaka themanini na tisa. Nikimaliza niamshe." Akaomba chai.

Chinami alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi muda wote. Anadhani kivuli chake hatukukiona.

Tumepanda ngazi polepole, mzee mbele, goti zima kabisa, mwongo mkubwa. Tumewasha mishumaa, tumesali. Mimi nimesema ahsante ya kovu, nikasema samahani ya treni. Kwa mpangilio huo.

Dirishani kulikuwa na mtawa kijana. Kafungua kitabu, kagandisha brashi hewani. Akauliza nani kagonga hiki. Nikasema mimi, sikwenda shule, nilifungua upande usio wake, na mume wangu amepona. Yote kwa pumzi moja. Mzee nyuma yangu akaongeza, "Lakini chenza limetoka safi." Nikamkanyaga.

Kijana hakucheka, hakukasirika. Akasema si uamuzi wake. Akakifunga taratibu, akaingia ndani kwa mkuu wa hekalu. Anayefuata kwenye foleni katusogelea, akatuuliza kama tunajisikia vizuri. Nikampa chenza.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao. Mlango bado umefungwa. Kuna sauti ndani, ya mtu mzima, siisikii inasema nini. Chinami anatafuna kamba ya koti, ameanza tena kuomba msamaha, nimemwambia akinyamaza nitamruhusu anigongee stesheni zote za kurudi, kila moja, hata zile zisizo na choo.

Mzee kaenda kwenye kibanda cha kuuzia vitu vya hija. Namwona kwa nyuma. Anashika vitabu vipya, anafungua, anafunga, kama anachagua samaki. Nimejikuta nauombea mlango ule na sijui naomba wafungue wakisema ndiyo au wakisema hapana. Jana nilijua.

Karudi. Kanunua! Hakungoja jibu. Gamba la rangi ya chenza, na kalamu ya kibandani ameazima, ananiandama nayo. "Andika jina langu, bibi. Kwa herufi zako." Nikamwambia mwandiko wangu kama kuku. "Ndiyo huohuo," kasema, na kanifungulia mwenyewe, kutoka kulia, kaweka kidole pale pa kuandikia asije mtu akakosea.

Nimeandika Ku. Nimeandika Ma. Ya tatu imebaki nusu — mlango unafunguliwa. Mtawa mkuu mwenyewe, mzee kuliko mzee wangu, anakuja na kitabu kwenye mikono miwili, na Kumazo ameshika mkono wangu wa kuandikia, ananiambia malizia jina kwanza, jibu lingoje.