Wimbo Wako Kisimani Tarbaj

Mpenzi Mama Zawadi,

Hujambo na joto la Voi? Ulisema tangu nistaafu kazi ya reli nakaa barazani kama mzigo uliosahaulika stesheni. Basi majuzi, huku Tarbaj nilikokuja kutembea kwa wafugaji, mwenyeji wangu Abdi alinisimamisha kisimani, kwenye mstari wa wanaopokezana ndoo.

"Imba, mzee! Ngamia yetu hainywi bila wimbo."

Nikaimba ule wako wa kuwabembeleza watoto, maana sijui mwingine. Vumbi liling'aa kama dhahabu. Ngamia wakainamisha shingo, wakanywa polepole kama walio ndotoni. Tangu siku hiyo wafugaji wananiita kila asubuhi.

Mungu akulinde, mke wangu. Niandikie ubeti wa pili. Wa kwanza ngamia wameanza kuuchoka.

Wako,
Baba Zawadi