Gambusi Tulilolichimbia Sandarusi

Rafiki yangu Mkumba,

Desturi ya barua ni kuulizana hali. Yako sikuulizi, na yangu ukiitaka ni hii: nina hasira na wewe. Nilikusudia kuanza kwa salamu ndefu kama mwalimu wa Kurani alivyotufundisha chuoni, lakini wino ni kidogo na karatasi yenyewe ilifungiwa chumvi, basi nimeanza na la kweli. Dua nimekusomea na nitaendelea kukusomea. Hasira nayo ipo palepale.

Siku ulipokwenda Umatumbi na wenzako, mmekwisha kunyunyiziwa maji, kibuyu kidogo kinaning'inia shingoni mwako, nilikushika mkono pale njia ya Mtawanya inapoachana na yetu. Nikakwambia kwamba kulimishwa pamba ya jumbe hata mimi kumenichosha, lakini maji ni ya kunywa, hayazuii risasi. Ukanicheka. Ukanipa zeze lako nikuwekee, ukasema, "Usilipigepige, likakuzoea weye." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu, tena la utani. Sikujua hata nicheke au nikupige kofi.

Habari yako ililetwa na mtu wa Umwe aliyekuwa pamoja nanyi. Alisema ulianguka mwanzo kabisa, wakakufukia kando ya njia kwa haraka, bila sanda. Mama yako alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji ya kunywa, kisha akakaa matanga. Tangu siku hiyo akawa hainuki kwenye mkeka wa matanga. Arobaini ikapita. Wazee wakaja kumwomba aanue matanga, naye alikuwa na jibu moja tu: "Nianue matanga ya nani? Miye sijamwosha mtu." Alikuwa hali mpaka abembelezwe, na chakula chenyewe kilikuwa kimeadimika. Askari walipopita hapa walibeba mtama wa ghalani, na ule uliokuwa shambani wakautia moto.

Sasa nikupe habari ya sandarusi yetu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoroka palizi ya pamba, tukaenda kuichimba kule vilimani, utomvu wa kale uliogeuka jiwe ardhini? Wenzetu waliichimba wapate nguo. Sisi tulikuwa na wazimu wetu. Tangu tulipomsikia Saidi, yule Mwarabu Mshihiri mwenye duka Mtunda, akipiga gambusi barazani kwake, mazeze yetu tuliyaona mambo ya watoto: uzi mmoja, kibuyu kimoja, nyimbo zilezile. Ulisema zeze ni alifu kwa kijiti, na gambusi ndiko kuhitimu. Tukachimba, tukaificha ile sandarusi chini ya mafiga ya jiko bovu la mama yako, tukakubaliana kwamba gambusi likipatikana litalala kwako juma moja, na kwangu juma moja. Nilijua tangu hapo kwamba zamu yangu ingekuwa ikisahaulika.

Vita ilipozidi kukaribia, Saidi alianza kufunga mizigo ashuke mto mpaka baharini, avuke Unguja. Nikasikia anauza asivyoweza kubeba, na katika hivyo kuna magambusi mawili. Nikaenda kwa mama yako kumwomba ruhusa, maana nusu ya ile sandarusi ni yako, na chako sasa ni chake.

"Nenda," aliniambia. "Kalitafute hilo gambusi lenu. Lakini mwanangu, nyumba haina chakula."

Yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, na yote mawili nikaenda nayo Mtunda. Ningetoa sandarusi yote kwa gambusi zuri, mama yako angelala njaa. Ningekwenda kwa la bei ndogo, nawe wajua, rahisi huvunja upishi: ningerudi na ubao usiolia, na jasho letu limekwenda bure. Tena kulikuwa na jambo jingine. Jumbe alikuwa ametangaza kwamba isipigwe ngoma, wala zumari, wala zeze. Atakayesikika atahesabiwa kuwa anawaita wapiganaji. Kwa hiyo, Mkumba, nilikwenda kuchagua chombo cha muziki nisichoruhusiwa kukisikia.

Saidi aliniingiza chumba cha ndani, katikati ya marobota. La kwanza lilikuwa zuri kweli. Shingo yake ilinakshiwa, vigingi vya pembe, ngozi nyeupe iliyokazwa vizuri. Hilo alilitakia mzigo wote wa sandarusi. La pili lilikuwa limekaa jikoni kwake miaka, jeusi kwa moshi, ngozi yake ya mbuzi bado ina manyoya pembeni, na kigingi kimoja kimepotea, badala yake kimetiwa kijiti. Hilo alilitakia nusu.

"Chagua upesi," alininong'oneza, "na kucha zako ziweke mbali na nyuzi. Askari wako kisimani."

Nikafanya wafanyavyo wapiga zeze wote, nikalitia kifuani. Si ndivyo tulivyolelewa? Mdomo wa kibuyu unaubandika kifuani, unaubandua, na sauti inapita kwako kwanza ndipo itoke kwa watu. Zeze zuri tulilijua kwa mbavu. Saidi alijiziba mdomo asicheke. "Ndugu yangu, hilo si zeze. Gambusi halinyonyeshwi." Mimi sikumjali. Nililibana lile zuri, nikaugonga ubao wake kwa ncha ya kidole, polepole. Sikusikia kitu. Nikajiambia labda ni woga wangu. Nikaliegemeza gotini, nikalichukua lile la jikoni, na hapohapo tukasikia viatu barazani.

Saidi alitoka mbio. Nikabaki nimejikunyata nyuma ya marobota, gambusi kifuani, kiganja kimezikandamiza nyuzi zote. Walikuwa wawili, wanataka maji. Nikamsikia Saidi akiwakaribisha kwa sauti nyembamba, si yake. Halafu nikasikia kitu kingine, karibu na sikio langu: kile kijiti kilikuwa kinazunguka. Uzi unakifungua kidogo kidogo, na kikitoka, uzi utalia. Mkono mmoja uko kwenye nyuzi, mwingine umebeba chombo chenyewe. Nikakiuma kijiti kwa meno.

"Ndani mna nani?" askari mmoja aliuliza.

"Mizigo, bwana. Nasafiri."

Kisha yule askari akapiga kitako cha bunduki kwenye mwimo wa mlango, kwa kutisha au kwa mchezo, sijui. Ukuta wote ulitikisika. Na lile gambusi bovu, Mkumba, likaitika ndani ya kifua changu. Nje halikusikika hata chembe, nami nilikuwa nimezibana nyuzi zote. Lilinguruma mbavuni mwangu, likaendelea kunguruma, mpaka nikaogopa kwamba watu walioko barazani watausikia mtetemo ule. Lile zuri lilikuwa limeegemea goti langu, limepigwa na kishindo kilekile, nalo lilinyamaza. Nikalia pale, kijiti kinywani. Nililia kwa sababu nilitaka kugeuka nikutazame, nione kama nawe umesikia.

Wale walichukua kikapu cha tende wakaenda zao. Saidi aliporudi kanzu yake ilikuwa imelowa mgongoni.

"Hili," nikamwambia.

"La jikoni?" Akanitazama sana. "Hilo ni la mti mmoja, limechongwa lote pamoja. Lile jingine limeungwa kwa gundi. Nilidhani huwezi kujua."

Kwa nusu ya pili ya sandarusi alinipa mtama, maana mtama huo hakuwa na wa kumbebea. Nilirudi kwa njia za vichakani, gambusi nimeliviringisha ndani ya mkeka, na kila ndege aliporuka nilichutama.

Nilifika alasiri. Mama yako alisaga mwenyewe, akapika uji, akaunywa bila kubembelezwa. Kisha akaniambia nimwonyeshe. Akalipapasa lote, shingo, manyoya, kile kijiti.

"Bovu hivi?"

"Ndiyo, mama. Zuri lilikuwapo, nikaliacha."

"Mwanangu angelichagua lile zuri."

Ni kweli tupu, nawe usibishe. Tulicheka sote wawili, na mimi sikuwa nimemwona akicheka tangu yule mtu wa Umwe alipotoka. Halafu akasema, "Piga nisikie."

Nikamkumbusha kwamba askari wamepiga kambi kando ya njia kuu. Na kwamba nyumba bado ina matanga, na katika matanga hapapigwi kitu. Alijilaza chali kwenye mkeka wake.

"Basi niwekee hapa," akasema, na akajigusa kifuani.

Nikaliweka, mgongo wa gambusi juu ya kifua chake. Nikaugusa uzi mnene kuliko wote kwa nyama ya dole gumba, mara moja tu. Mimi niliyepiga sikusikia kitu. Yeye alifumba macho, akaushika ule ubao kwa mikono miwili, akaushika hata baada ya sauti kwisha. Machozi yalimshuka kando ya masikio. Nilingoja. Sikuthubutu kuliinua.

"Kamwambie mwalimu wa chuo," alisema mwishowe. "Kesho tuanue."

Tumeanua, Mkumba. Mkeka umeoshwa na kuanikwa. Zeze lako limetundikwa juu ya kitanda cha mama yako na sijalipiga, halijanizoea. Gambusi limelala kwake juma hili, kwa sababu ni zamu yako.

Sasa kwaheri, na ahadi yangu ishike. Vita ikiisha na njia zikifunguka, nitamchukua yule mtu wa Umwe anionyeshe mahali walipokufukia. Nitakuja na sanda niitandike juu, maana mama yako ameniagiza. Kisha nitaliweka gambusi mgongo wake juu ya udongo, nami nitaugusa ule uzi mnene mara moja. Utalisikia wewe kwanza.

Ni mimi mwenzako,
Athumani