Cheni Juu ya Jiko

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu zikiwa zimelowa, maana huku mvua haijui kupumzika na hata karatasi hii imejikunja pembeni kwa unyevu. U hali gani? Taya limeacha kukuuma ukitafuna, au bado unalowanisha mkate kwenye chai? Na mama mdogo aliyekupokea kwake, na wanawe, wote wazima? Mimi ni mzima, nakula, nalala, nafanya kazi. Mgongo unauma kidogo, lakini hilo nitalieleza likifika mahali pake.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja tu, nami nimelibeba siku hizi zote kama mtu aliyekalia mwiba. Mjomba alipopita huko alikuambia kwamba Baba sasa ametulia, hanyanyui mkono wala sauti, na kwamba mvua zikikatika unaweza kurudi nyumbani. Umeniomba nikuambie mimi, bila kukuficha, kama ni kweli. Sitakuficha. Ila nakusihi, Mama, usome mpaka chini kabisa. Usiishie katikati ukaanza kufunga mizigo.

Tuanze na ulipoondoka. Baba alibadilika, na mimi ndiye niliyekasirika. Ndiyo, nilikasirika! Mwanamume aliyekuvunja taya kwa spana ya pedeli kwa sababu ya chai ya vuguvugu, ghafla anafagia duka, anapika, ananiuliza kama nimeshiba. Jioni anatandika magunia mlangoni ili maji yasiingie, huku anaimba. Kumbe alikuwa anajua kuwa mtu! Nikasema moyoni, haya, chui kavaa ngozi ya kondoo, tuone ataivua lini. Fundi viatu wa mlango wa pili akanilaumu kwamba nina roho ngumu, na kwamba mzee anastahili kupewa nafasi. Nilimwambia akashone viatu vya watu aniachie baba yangu.

Na kazi ilikuwa tele. Unajua mvua inavyotuletea wateja: baiskeli zinapita kwenye matope na madimbwi, kesho yake cheni zinalia barabara nzima kama vifaranga. Tulikuwa tunakaa wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, karai la mafuta ya taa katikati. Bado ananirudia yale yale kana kwamba nimeanza jana. Futa tope kwa tambara kwanza. Sugua kwa brashi ndani ya mafuta ya taa, pingili kwa pingili. Futa tena. Kausha, na ukidhani imekauka, kausha tena. Ndipo utie oili, tone moja kila pingili, upande wa ndani, uzungushe pedeli taratibu, usubiri iingie, halafu ufute yote iliyobaki juu, kwa sababu oili ya juu haimfai mtu, inaokota mchanga tu. Na kubwa kuliko yote, usitie oili juu ya maji. Anasema ukifanya hivyo umemfungia mwizi ndani ya nyumba: nje kunang'aa, ndani kutu inakula.

Anajua kazi, Mama, hilo siwezi kumnyima. Anaishika cheni ya mtu kwa upole kama anamsuka mtoto nywele. Mikono ile ile! Ndicho kilichokuwa kinanitia wazimu. Nilikuwa naitazama mikono ile na kujiuliza kwa nini vyuma vya watu vinastahili na wewe hukustahili.

Sasa sikiliza. Muuza mikate, yule mrefu anayecheka kabla hajamaliza kisa chake, alituletea baiskeli yake asubuhi moja cheni ikiwa nyekundu kwa kutu. Alitaka aipate kabla mikate haijatoka tanurini, la sivyo mwenye tanuri angempa mtu mwingine njia yake ya kuuzia. Baba alikuwa ametoka kutafuta mipira ya breki. Jua hakuna, upepo hakuna, matambara yote yamelowa, ukikamua yanatoa maji. Unaujua ule waya wetu juu ya jiko. Siku za mvua tunatundika cheni pale zikauke kwa joto, lakini cheni iliyokwisha kufutwa, na mkaa uliokwisha kufunikwa na majivu. Mimi, kwa haraka, niliitoa kwenye karai ikichuruzika mafuta ya taa nikaitundika hivyo hivyo juu ya mkaa mwekundu. Mpumbavu wa kawaida asingefanya hivyo. Ni lazima uwe umezaliwa ndani ya duka la baiskeli, ukajiona huhitaji tena kufikiri.

Tone la kwanza likafanya chii. La pili likawaka. Moto ukapanda na cheni mpaka kwenye waya, ukashika pazia linalotenga duka na chumba, na mimi nimesimama nimeduwaa, na kopo zima la mafuta ya taa liko hatua moja tu kutoka jikoni. Muuza mikate alianza kupiga kelele. Hapo ndipo Baba aliingia. Sitamsingizia: alituokoa. Alilipiga teke kopo likaruka nje kwenye mvua, akang'oa pazia kwa mikono, akalikanyaga, akatupa gunia bichi juu ya jiko. Mkono wa shati ukamuungulia mwilini. Kisha akageuka akaniangalia, na ile sura unaijua, sina haja ya kukuchorea.

Alichukua pampu, ile ya chuma. Pigo la kwanza lilinipata mgongoni, nikaanguka juu ya magurudumu. Akanifuata pale chini kwa mateke huku akihema, akisema nimetaka kumuua, kwamba mimi na mama yangu ni kitu kimoja, kwamba wema haututoshi. Muuza mikate akamshika kwa nyuma, akamwomba kwa jina la Mungu aniache. Baba akampiga kichwa cha pua. Yule mtu mrefu akakaa chini kama gunia, damu ikimwagika kwenye aproni yake nyeupe, na safari hii hakucheka.

Basi hapo, Mama, kama ungeniuliza siku ile, jibu lingekuwa jepesi: hajabadilika, usirudi. Wema wake ulikuwa wa mtu ambaye hajaudhiwa.

Lakini Mjomba naye hakukudanganya. Alikuja baadaye, akamkuta Baba mkono umefungwa shingoni, mnyenyekevu, anajibu kwa sauti ya chini. Bila shaka alikuambia pia kwamba mzee aliteleza kwenye oili iliyomwagika siku ya moto, akaangukia fremu za baiskeli, akavunjika mtulinga. Ndivyo tulivyomwambia Mjomba. Ndivyo tulivyomwambia muuguzi wa zahanati, na fundi viatu, na kila aliyeuliza. Baba mwenyewe ndiye anayekieleza kisa hicho vizuri kuliko wote, anaonyesha mpaka pale alipokanyaga.

Baba hakuteleza.

Nilipoinuka, cheni ilikuwa bado inaning'inia kwenye waya. Moto umezimika, ila ilikuwa ya moto. Niliishika kwa tambara bichi nikaizungusha kwenye ngumi. Pigo la kwanza nilimpiga mkononi, pampu ikamtoka. Hilo silijutii, na hata Mungu akiniuliza nitamjibu hivyo hivyo. La pili lilikuwa la taya lako, nilisema hivyo kwa sauti. Baada ya hapo sikuwa na sababu tena, nilikuwa napiga tu. Alipiga magoti nikampiga. Alijikunja akaficha kichwa nikampiga mgongoni, shati likapasuka, ngozi ikafuata, damu ikachanganyika na masizi. Nilisikia mfupa ukivunjika kama spoki. Alisema basi, mwanangu, basi. Alisema vizuri kabisa, kwa adabu. Nikaendelea. Muuza mikate, na pua yake ile, ndiye aliyejitupa katikati na kunikumbatia mpaka nikashindwa kunyanyua mkono. Mama, hakuwa ananikinga mimi. Alikuwa anamkinga Baba.

Na kuna lingine, ambalo nimelifuta mara nyingi na sasa naliacha. Niliona raha. Si baadaye, pale pale. Mwili wangu wote ulikuwa mwepesi.

Siku zilizofuata niliendelea kuona raha, ya pole pole. Baba aliyekuwa anatutetemesha sote sasa ananiuliza kama anaweza kuzima taa. Nikinyoosha mkono kuchukua chumvi anarudi nyuma pamoja na kiti chake. Nilijiambia hii ni haki, acha naye akione cha mtema kuni, kile tulichokiona sisi kila siku. Muuza mikate siku hizi anapeleka baiskeli yake kwa fundi wa mbali, anapita mbele ya duka ametazama upande wa pili. Nikasema, shauri yake.

Halafu ikaja juzi. Tumekaa kama kawaida, yeye na mkono wake mmoja mzima. Kwa mkono mmoja huwezi kukausha cheni sawasawa, kila fundi anajua. Nikamwona anachukua kopo la oili na kuanza kutia, na pingili bado zina maji. Yeye! Aliyenifundisha mimi! Niliinuka nikamzaba kofi.

Hapakuwa na moto, Mama. Hapakuwa na mtu wa kumwokoa. Sikuwa hata na hasira, nakuapia. Aliweka kopo chini, akachukua tambara, akaanza upya kuifuta ile cheni taratibu, jicho linamtoka machozi, huku ananiomba radhi. Nami nikarudi kukaa nikaendelea na kazi yangu. Nilitia oili cheni nzima, wala tone moja halikumwagika nje ya pingili. Usiku ndipo nilipoogopa.

Majirani walipokuwa wakisema mtoto wa nyoka ni nyoka, wewe ulikuwa unawakatalia, unasema huyu ni wangu mimi, wa kwangu mtupu. Naikumbuka sauti yako. Sijui tena nani alikuwa sahihi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Ndiyo, Baba ametulia. Hatakugusa tena, nakuhakikishia, hana ubavu huo. Lakini usirudi. Siku utakapomwaga uji, au utakapoisogeza spana yangu bila kuniambia, au utakapomtetea, na utamtetea, nakujua, mimi sijui mkono wangu utakwenda wapi. Nikikuwazia umekaa kwenye kile kiti unarudi nyuma mimi ninapochukua chumvi, natamani nife kwanza.

Nina ombi moja, na sina mwingine wa kumwomba. Wewe umeishi na mtu wa namna hii ujana wako wote, ulikuwa unamwona hata akiwa amelala. Niambie kama kuna wakati alitaka kweli kuacha. Sisemi kuomba msamaha, hilo alifanya sana. Nasema kuacha. Na kama wakati huo ulikuwapo, niambie ni nini kilimshinda, kwa maana nadhani mimi niko hapo sasa hivi, na sitakaa hapo muda mrefu.

Usimwonyeshe mama mdogo barua hii. Mwambie tu kwamba nyumba bado inavuja na nimekushauri usubiri. Nisalimie yeye na watoto wote, na uwaambie nawapenda, ila wasije likizo hii. Tunza taya lako, usitafune vitu vigumu upande wa kushoto.

Baba anakusalimu sana. Ameniuliza kwanza kama anaruhusiwa.

Ni mimi,
binti yako wa pekee.