Tumekula Msiba wa Gaudensia, Naye Yupo

Mbinga, Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu mpaka mlangoni, baridi ya kukata masikio, na kwangu mimi masikio ndiyo mapambo pekee yaliyobaki kichwani.

Shajara yangu, andika hivi: wilaya hii nzima hakuna mwanamke mwenye bahati kama mimi. Nimeuza mitumba Tunduma. Nimevuka ziwa mpaka Malawi nikarudi na vitenge bila kulowa hata pindo. Kariakoo nimetapeliwa mara moja tu, na aliyenitapeli alinirudishia nusu kwa kuniogopa. Sasa na hii saratani ya titi, inayowatafuna wenzangu kama funza kwenye mahindi, nimeiweza. Dripu zote nimemaliza. Daktari kaangalia picha zangu za mwisho, akaniambia, "Mama, uko safi." Safi kama sahani ya Pasaka! Titi moja nimewaachia wao kule hospitali wakae nalo. Lilikuwa linaning'inia bure tangu Baba Bosko aende Namswea kuangalia shamba, shamba likamwoa hukohuko.

Anayebisha abishe.

Leo misa imenipita. Mgongo unauma, na lawama zote nazitupa kwa dereva wa bodaboda aliyetupakia jana mishikaki, mimi na Bi Rehema, akatupitisha kwenye kila jiwe alilolijua kwa jina.

Nieleze tulikuwa tunakwenda wapi.

Mimi na Bi Rehema na Gaudensia tunaitana Vipara. Bi Rehema ana duka la kanga karibu na stendi hapa Mbinga. Babu yake alitoka Kilwa, kwa hiyo Kiswahili chake kina chumvi, changu kina mchanga. Gaudensia ni wa ziwani, mbele ya Mbamba Bay, anaanika usipa, dagaa wetu wa Nyasa, na kuuza. Sisi wa mkoa mmoja tulikuja kujuana mbali, Dar es Salaam, kwenye benchi la hospitali kubwa. Nilisikia mtu nyuma yangu anatapika huku anamwita mama yake kwa Kinyasa. Nikageuka nikamwambia, "Dada, tapika taratibu, sisi wa Ruvuma tuna adabu." Akacheka na matapishi mdomoni. Tangu siku hiyo ni ndugu yangu.

Dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi ya rozela. Inaingia mkononi taratibu, unajisikia kama unachemshwa kutoka ndani. Mmoja akiwekewa, mwingine anashika beseni, mwingine anasugua miguu. Dawa ikikosekana tunatumwa kwenye maduka ya nje, na mwenye nacho anamnunulia asiyenacho, basi, hatuulizani. Siku hizi soko huria limetuletea kila kitu. Mbinga hii utapata simu za laini mbili, mawigi ya Kichina ya rangi ya machungwa, na wanunuzi wa kahawa wanaoteremka kwenye magari kama mainzi. Dawa ya kumponya mwanamke tu ndiyo haijapata mfanyabiashara wa kuileta huku.

Sheria yetu Vipara ni moja: hakuna anayenyoa peke yake. Nywele za mmoja zikianza kubaki kwenye mto, wote tunanyoa. Na aliyemaliza dripu anaendelea kunyoa mpaka wa mwisho amalize. Kinyozi ni Bi Rehema, ana mkono mwepesi. Kazi yangu mimi ni kuchekesha.

Sasa Gaudensia akapotea.

Safari ya kwanza hakutokea stendi. Tukasema mvua, barabara, mtumbwi. Safari iliyofuata, hii ya juzi, hakutokea tena na simu haikupatikana. Tukaenda wawili, Bi Rehema kuwekewa dripu yake ya mwisho, mimi kuchukua majibu ya picha. Kiti cha Gaudensia mle ndani ya basi alikikalia jogoo wa mtu. Nilimtazama yule jogoo njia nzima mpaka Njombe. Dripu zake zilikuwa zimebaki mbili tu, na daktari alishatuambia wote kwamba ukikatisha katikati, ugonjwa unarudi na hasira.

Ndiyo maana jana tukateremka ziwani kumfuata.

Hapa ndipo nilipokosea. Tulipofika mwanzo wa kijiji nikavua kilemba. Nilitaka Gaudensia anione nikiwa kipara, ajue sheria bado ipo. Nikamwambia Bi Rehema naye avue mtandio. Akanitolea jicho. "Mtandio wangu ni wa Mungu, Mama Bosko, si wa saratani." Haya. Mimi kipara, yeye na baibui jeusi, tukaingia kijijini.

Nimezunguka dunia mpaka nimesahau kwetu. Huku mwanamke akinyoa kipara ana maana moja tu: ametoka kuzika. Ndugu wa marehemu wananyolewa matanga yakiisha. Na mwanamke aliyenyoa akipita kwenu haulizwi nani kafa. Unaweka chini ulichoshika, unamfuata, atakwenda kusema mwenyewe nyumbani kwa mwenye msiba.

Bibi mmoja alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Nikamwambia shikamoo, nikamuuliza kwa akina Gaudensia ni wapi. Akatazama kichwa changu. Akatazama baibui la Bi Rehema. Akaweka sufuria chini, akajitwika mikono kichwani, akatuonyesha njia kwa kidevu na kutufuata. Mbele kidogo wakaongezeka wawili. Halafu watano. Nikageuka, nikaona kundi zima la wanawake wamejifunga kanga kiunoni, mmoja na ungo wa unga, mwingine na kuni. Na mimi, shajara yangu, nikadhani wanashangaa uzuri wangu. Nikawapungia mkono.

Mama mkwe wa Gaudensia alikuwa kwenye vichanja anageuza usipa. Alipotuona akadondoka chini kama mzigo.

"Mayo! Ni Kastor? Semeni! Ni mwanangu Kastor?"

Kastor ndiye mume wa Gaudensia, yuko Songea kwenye vibarua. Kundi lote nyuma yangu likaangua kilio. Gaudensia akatoka jikoni na unga mpaka kwenye viwiko, akasikia jina la mumewe, akakaa chini palepale mlangoni.

Nikapiga kelele. "Hajafa mtu! Jamani, hajafa mtu! Mimi ni mgonjwa tu!"

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Kisha zikaja hasira. Umenyoa bila msiba? Unatembea na kichwa hicho kwenye miji ya watu, unamwitia nani? Bi Rehema akajaribu kueleza mambo ya dripu kwa Kiswahili chake cha pwani, kizuri kama kasida, hakuna aliyemsikiliza.

Mama mkwe aliinuka taratibu. "Kichwa kinanyolewa baada ya kaburi," aliniambia. "Ukitanguliza wembe, kaburi linakuja lenyewe kutafuta mtu wake. Huyu mke wa mwanangu alikuja hapa na kipara kama chako, nikamkataza. Nimemwambia haendi tena huko mpaka nywele ziote. Na mtazame! Zimeota."

Kweli zilikuwa zimeota. Laini kama manyoya ya kifaranga. Zimeota kwa sababu dawa imekatika, na yule mama anaziona anashukuru Mungu kwamba mkwewe anapona.

Matusi yalinijaa mdomoni, na mimi matusi ninayo ya mikoa mitano. Lakini magoti yake yalikuwa bado na vumbi la pale alipodondoka. Kwa ajili ya kichwa changu alikuwa amemzika mtoto wake na kumfufua kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikayameza.

Nikamchukua Gaudensia nyuma ya jiko. Nikaanza na utani wangu: kiti chako tumempa jogoo, ameshakuwa Kipara mwenzetu, wamemnyonyoa Makambako. Hakucheka.

"Usinichekeshe leo," alisema. "Nijibu swali moja. Wewe umemaliza. Umepona?"

"Nimepona."

"Kabisa?"

"Daktari kasema niko safi."

"Mama Bosko, mimi nina watoto. Kama ni kwenda kuchemshwa tu halafu nife, bora nifie hapa nikiwa na nywele, nao wanikumbuke na sura yangu. Apa."

Nikafanya ishara ya msalaba. Nikaapa. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Basi nitakwenda," alisema. "Ila ninyoeni hapahapa waone. Sitaki kutoka kwetu kama mwizi."

Akakaa kwenye kinu kilicholazwa, katikati ya uwanja, mbele ya wale wote waliokuja kulia. Bi Rehema akatoa wembe. Hakuna aliyeondoka. Zile nywele za kifaranga zikaanguka kwenye kanga, moja baada ya nyingine, na mimi nikashindwa hata utani mmoja. Andika hilo pia, halijawahi kutokea.

Mama mkwe alikuwa ametupa mgongo muda wote. Bi Rehema alipomaliza, akageuka, akaikunja ile kanga yenye nywele, akaingia nyuma ya nyumba akatoka na jembe. Akachimba kishimo kwenye migomba. Akazitia nywele, akafukia, akashindilia kwa mguu.

"Haya," alisema. Hakutwambia sisi, alikuwa anaiambia ardhi. "Kaburi ndilo hilo. Limeshapatikana. Lisije kutafuta mtu mwingine hapa kwangu."

Halafu akamgeukia Gaudensia. "Nenda na wenzako. Watoto nitabaki nao mimi."

Nimesikia mahubiri ya maaskofu, shajara yangu. Nimesikia wanasiasa, nimesikia madaktari na miwani yao. Sijasikia mtu aliyepata njia pasipo na njia kama yule mama na jembe lake. Nikatamani na mimi niwe na nywele za kutia mle. Nilijipapasa kichwa chote. Hata moja.

Ikabaki habari ya unga. Wanawake wakatazamana. Unga uliotoka nyumbani kwa ajili ya msiba haurudi nyumbani, ukiurudisha umerudi na msiba. Yule bibi wa sufuria akasema, "Sasa tufanyeje, si tule?" Basi moto ukawashwa kwa kuni za matanga, ugali ukasongwa, usipa ukaungwa kwa nyanya. Tukakaa uwanjani wote, waliotulilia na waliotutukana, tukala.

Gaudensia alikula matonge mawili. Akanyanyua la tatu, akaangalia watu waliomzunguka.

"Mnaona?" alisema. "Wengine wanaliliwa, msiba wao hawauoni. Mimi wangu nimeula, na usipa ulikuwa na chumvi ya kutosha."

Walicheka mpaka bibi wa sufuria akapaliwa. Mama mkwe hakucheka, lakini alimwongezea mboga. Mimi sikula. Nilisema nimeshiba safari.

Jioni tukapanda naye basi kuja juu. Amelala kwa Bi Rehema, na kesho alfajiri wanaondoka kwenda Dar. Asubuhi hii Bi Rehema amenitumia ujumbe kwamba Gaudensia ameamka anaimba, anauliza kama atapewa kiti cha dirishani. Anasema akichoka kule kwenye dripu atafumba macho amfikirie Mama Bosko alivyopona, basi atavumilia.

Nimeusoma ujumbe huo nimekaa kitandani. Nikaandika, "Nafasi ya dirishani ni ya warembo, mwache Bi Rehema akae." Nikatuma.

Wanataka niwasindikize stendi. Nitakwenda. Nitafunga mgongo kwa kanga mbili, nitapaka wanja, nitamtukana kondakta mpaka abiria wacheke. Najua kufanya hayo. Nikiulizwa hali nitasema ile ile niliyoiapia jana nyuma ya jiko, na nitaendelea kuisema mpaka dripu yake ya mwisho imalizike. Baada ya hapo atajua, na sijui kama atanisamehe. Bora anichukie akiwa mzima.

Mungu nimemwapia uongo. Hilo mimi na yeye tutazungumza, na nahisi si siku nyingi.

Maana siku ile ya majibu, nilipotoka kwa daktari, Bi Rehema alikuwa bado na sindano ya dripu mkononi, akanitazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Ulimi wangu ukasema safi kabla mimi sijaamua.

Sijapona. Daktari alisema imeingia kwenye mifupa. Bahati sina.