Matundu ya Nyumba ya Bibi

Jumatatu, 9 Juni

Maji tena. Baba Mdogo Elia anasema sakafu ya zege ya nyumba mpya ya Bibi lazima inywe asubuhi na jioni mpaka paneli zije, na mnyweshaji ni mimi. Likizo yangu ndiyo hii. Mikono inanuka saruji.

Bibi bado analala kwenye kibanda cha jikoni, kando ya mafiga. Tangu masika yapasue ukuta wa nyumba kubwa, mwenyekiti wa kijiji amemkataza kulala kule. Ufa wenyewe unaingia mkono wangu mzima. Baridi ya Juni imeanza na Bibi anakohoa. Ananiambia ni moshi. Si moshi.

Baba kapiga simu kutoka Dar. Paneli zimefika Same mjini, kesho lori litazileta mpaka barabara inapoishia. Kutoka hapo, mabega.

Jumanne, 10 Juni

Msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Pembe ilipigwa ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, na kila nyumba ikatoa mtu. Mimi huwa nachukia siku za watu wengi. Leo sikuchukia sana.

Paneli ni kitu cha ajabu. Mbao mbili nyembamba, katikati povu jeupe gumu, kama lile la kwenye boksi la tivii. Pana kama mlango wa kanisa, lakini watu wawili wanabeba. Ndiyo maana Baba alizichagua. Matofali yangetumaliza, na mteremko wetu hautaki tena nyumba nzito.

Njiani kelele tupu. Mzee Mbonea, jirani yetu, akaita: "We Elia! Unamjengea mama yako friji?"

"Ndiyo, mzee. Na wewe tutakuweka humo, usioze mapema."

Nilibeba na Mama Tumaini wa umoja wa akina mama kanisani. Kwenye kona upepo ulituingia ubavuni, paneli ikawa tanga, tukapelekwa wote wawili mpaka kwenye shamba la tangawizi la watu. Nikacheka kwa sauti. Mama Tumaini akanikodolea macho. "Kumbe una meno!"

Mchana makande. Mgongo unauma. Nimefurahi.

Ijumaa, 13 Juni

Kuta zimesimama. Paa pia ni paneli. Siku tatu tu! Mzee Mbonea haamini, amekuja kugonga ukuta kwa fimbo mara kadhaa.

Fundi Hashimu, aliyekuja na lori kutoka mjini, leo amepuliza povu kwenye maungio yote. Akasema hata sisimizi hana pa kupita. Halafu akatuonyesha vipande vya bomba vya plastiki vilivyotoboa ukuta, kila chumba kimoja juu na kimoja chini. "Hii ndiyo pua ya nyumba. Msizibe. Na moto wa mkaa humu ndani, marufuku."

Baba Mdogo alikuwa anaongea na mnunuzi wa tangawizi kwenye simu. Aliitikia kwa kichwa tu. Fundi akanigeukia mimi. "Wewe msomi, mweleweshe bibi yako." Nikasema sawa.

Jioni nilimweleza Bibi. Alikuwa anachagua maharage. Nilisema kwa ile sauti yangu, ile ambayo mwalimu wa Kemia huniambia, rudia, hata mbu hajasikia. Bibi akasema, "Eeh."

Sijui kama ni eeh ya kusikia. Sikurudia.

Jumapili, 15 Juni

Tumehamia. Bibi alitangulia kuingia, amebeba Biblia na chungu. Alizunguka vyumba vyote. Mwisho akasema, "Ina joto." Kwa Bibi hizo ni sifa kubwa.

Upepo wa mlimani husikii kabisa. Kimya mpaka nasikia mate yangu nikimeza. Nimeipenda nyumba hii kuliko bweni, kuliko hata kwetu Dar.

Wakati wa chai Bibi kalalamika kitu kimoja. Lile tundu la chumbani kwake linampuliza utosini.

Jumanne, 17 Juni

Nimekuta kipande cha kanga kimesokomezwa kwenye tundu la chumba cha Bibi. La juu. Nikakitoa, nikakikunja, nikakiweka juu ya kitanda chake.

Jioni kimerudi tunduni mwake. Na cha pili kwenye tundu la chini.

Hajasema kitu. Nami sijasema.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetoa. Karudisha. Nimetoa tena. Karudisha, na sebuleni pia. Tunapishana mlangoni kama wageni wa hoteli, shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, na vitambaa vinaenda na kurudi.

Mimi ni mwoga. Ningemwambia tu.

Tatizo ni hili. Kwa Kiingereza naijua. Kwenye mtihani niliandika jinsi mkaa ukikosa hewa ya kutosha unavyotoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na jinsi inavyochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Nilipata alama zote. Mbele ya Bibi yale maneno yanageuka mawe mdomoni. Na yeye akikasirika anahamia Kipare, na Kipare changu mimi ni cha kusikia, si cha kujibu.

Kwa sasa anapika kwenye kibanda. Hakuna moto ndani. Najituliza hivyo.

Jumamosi, 21 Juni

Leo si vitambaa. Ni udongo.

Bibi amechanganya udongo na samadi ya ng'ombe, akaziba matundu yote ya nyumba, akayalainisha kwa kiganja. Kazi safi. Hata alama za vidole huzioni. Anajisifu: "Nimekandika nyumba tangu baba yako hajazaliwa. Yule fundi wenu ameacha mapango ya panya."

Kibaya zaidi. Kesho baada ya ibada akina mama wanakuja kuiombea nyumba. Bibi anataka jiko la mkaa liwe sebuleni, wageni wasitetemeke.

Nilisema. Nilisema kweli. "Bibi, ule mkaa, hewa yake humu ndani ni mbaya."

"Mkaa ndio ulionilea, Nakijwa."

"Nyumba hii haina pa kutolea, Bibi. Fundi alisema."

Akahamia Kipare. Niliambulia maneno machache. Mtoto. Shule. Aibu.

Nikampigia Baba Mdogo, ameshuka Same kuuza tangawizi. Akasema, "Jiko la saa moja litafanya nini? Mwache mama afurahie nyumba yake." Baba hapatikani.

Nimechukua kijiti nikajaribu kutoboa tundu la sebuleni. Udongo umekauka. Bibi akaniita, nikakificha kijiti kwenye sketi kama mwizi.

Naogopa kesho.

Jumapili, 22 Juni

Mkono wa kulia umefungwa bandeji. Nitaandika hivyo hivyo.

Bibi hakwenda kanisani. Alibaki kuandaa, na jiko lilikuwa sebuleni tangu asubuhi. Ukungu na manyunyu nje. Akina mama walipoingia wakapiga vigelegele. "Heee, kumbe joto la Dar limepanda mlima!" Wakafunga mlango. Wakafunga madirisha. Bibi akakaa karibu na jiko, kwenye kiti chake, kama malkia.

Mimi nilikuwa kibandani na chai. Niliwaachia dirisha moja wazi kabla ya kutoka. Nilipopita nje na kuni, lilikuwa limefungwa.

Nyimbo mbili, tatu. Niliposikia zimepoa nikaingia na sinia. Hakuna harufu. Hakuna moshi. Ndiyo ubaya wake. Mama Tumaini ameegemea ukuta, ameshika paji la uso. Mama mmoja kando yake amelala kabisa, mdomo wazi, na mwenzake anacheka pole pole: "Huyu kaamka alfajiri kukamua."

Bibi akaanza kuomba. Bibi anaomba kwa majina. Anaanza na Baba, mtoto wake wa kwanza, halafu shangazi wa Moshi, anashuka mmoja mmoja kwa mpangilio, na kila mmoja ana ombi lake. Hajawahi kukosea. Akafika kwa Baba Mdogo.

"Elia, Bwana, umwongoze." Kimya. "Elia. Umwongoze." Kimya kirefu. "Elia..." Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

Wote wamefumba macho. Mimi nimesimama na sinia. Niandike ukweli, daftari hili hasomi mtu. Nilisubiri. Nilisubiri mtu mwingine aseme.

Halafu nikaangusha sinia.

"Tokeni nje! Tokeni wote!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mama mmoja akafumbua macho, "Mtoto, ni sala!" Nikapiga teke mlango. Nikashika jiko kwa kanga, nikakimbia nalo mpaka kwenye majani, nikalimwaga mvuani. Kanga haikutosha mkono. Sikusikia maumivu. Nikarudi. Wengine walikuwa wanatoka wenyewe, wanayumba, wanakaa popote kwenye matope. Bibi hakuinuka. Kichwa kilikuwa kifuani.

Mama Tumaini, naye akiwa anatapika, alishika miguu. Mimi kwapa. Bibi ni mwepesi. Sikujua kama ni mwepesi vile.

Tulimlaza mvuani. Nilimpiga mashavu, bibi yangu mwenyewe, nikimwita. Akakohoa. Akatapika juu ya sketi yangu. Sijawahi kufurahia kitu kama yale matapishi.

Jumatatu, 23 Juni

Tumerudi kutoka zahanati. Walimwekea oksijeni mpaka rangi ikarudi. Daktari akaniuliza nilijuaje. Nikaangalia viatu vyangu.

Baba Mdogo alifika na bodaboda, hakutazama mtu. Amechukua patasi, anazibua matundu bila kupumzika. Udongo wa Bibi ni mgumu, anatoa jasho. Nasikia anajisemea peke yake.

Kijijini kuna maneno. Wengine wanasema nyumba ina shetani. Wengine wanasema mjukuu wa Bibi kaivunja sala, kapiga kelele kama kichaa mbele ya wazee. Mama Tumaini anawajibu: "Bila kichaa huyo leo tungekuwa tunachimba makaburi."

Bibi hasemi na mimi. Nikimpa uji anaupokea. Anaangalia ukuta.

Inaniuma kuliko mkono.

Alhamisi, 26 Juni

Jua limetoka leo. Nilimtandikia Bibi mkeka nje, tukamenya tangawizi. Yeye anamenya, mimi napanga, mkono wangu bado.

Halafu akasema bila kuniangalia, "Ile sala yangu uliikata."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nilikuwa nimefika kwa nani?"

"Kwa Baba Mdogo."

"Nilikuwa nimeshamwombea?"

"Mara tatu."

Mdomo ukamcheza kidogo. "Basi zinamtosha."

Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akafumba macho. Akaendelea kutoka pale. Shangazi wa mwisho. Wakwe. Halafu wajukuu, kutoka kwa mkubwa, polepole, kila mmoja na ombi lake. Mimi ndiye mdogo wao wote.

Akalitaja jina langu mara moja tu, akasema amina.

Nami nikasema amina. Alinisikia.