Maji ya Mkono wa Clara

Umbilo, Durban
Jumanne, 17 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu Clara,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji Innocent, Peguy na kichanga Agathe hamjambo. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo likiona wingu tu linaanza kulalamika.

Naandika kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu umenifungia namba. Mimi, dada yako wa miaka arobaini na sita, nimefungiwa kama wale wanaopiga kuuza bima ya mazishi. Bahati nzuri dereva wetu Papy anapakia kontena bandarini kesho, na akielekea Johannesburg lazima lori lake lisimame hapo kwenu Harrismith. Yeye huwezi kumfungia.

Neno langu ni moja: nirudishie baba. Ulimwomba kwa mwezi mmoja, aje ambariki mtoto na akushikie Peguy ukiwa kitandani. Sasa ni mwezi wa tatu. Nikiuliza, ni "wiki ijayo, yaya." Wiki ijayo ya kwenu haifiki. Tangu utotoni ulizoea kitinda mimba kupewa na wakubwa kunyamaza, na mama hayupo tena wa kukutetea.

Dot ya Glody ni Jumamosi ya tarehe 28. Baba yake tulimzika Bukavu, wala hana baba mdogo katika nchi hii. Wa kupokea mahari ya binti yangu ni babu yake, mzee Athanase, na hakuna mwingine. Wakwe hawawezi kuja kumkabidhi mahari mama mjane na viti vitupu. Mpandishe basi Ijumaa hii, tarehe 20, apumzike wiki nzima kabla ya shughuli.

Na aje na mbabula niliyompa, na mkaa uliobaki. Nilimfungia jiko lile kwa sababu naijua nyumba yako ilivyo baridi, na mnavyotegemea umeme. Mzee hapati joto kwenye kile kisanduku chenu cha nyaya.

Msalimie shemeji.

Yaya wako,
Huguette


Umbilo, Durban
Jumapili, 22 Septemba 2024

Clara,

Afya yako leo siulizi. Najua uko mzima, maana mgonjwa hana nguvu za kumburuta baba yake.

Jana saa kumi alinipigia kwa simu ya shemeji. Nilikuwa saluni, mteja nimemsuka nusu kichwa, mikono ina mafuta, nikaweka simu kwenye spika. Saluni nzima ilisikia. Alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana. "Huguette, Clara amenitupa inje. Mu theluji. Na soksi tu. Mbabula amerusha kwa dirisha. Ananipigia kelele mbele ya majirani. Mimi sitakunywa tena maji ya mukono yake." Kisha simu ikazima.

Theluji yenu tumeiona. Huku ni mvua na upepo tu, lakini picha za malori yaliyokwama mlimani Van Reenen kila mtu anazo. Basi la Ijumaa usiku halikuja; kwa hilo sikulaumu. Mungu akifunga barabara amefunga. Lakini mlango wa nyumba yako hakuufunga Mungu. Uliufungua wewe, ukamtoa mzee wa miaka sabini na nne kwenye barafu, kwa sababu ya jiko. Liliunguza zulia? Lilichafua ukuta wako mpya? Hata kama liliunguza kitanda, ni baba.

Unajua neno hilo kwetu lina uzito gani. Mzee akikataa maji ya mkono wa mtoto wake, amemtoa. Shangazi Marie-Louise alikaa na neno kama hilo miaka kumi na moja, akalipeleka kaburini.

Nimeandika kwenye grupu la familia, kuanzia Bukavu mpaka Lille. Nimesema mdogo wetu amegeuka mchawi wa wazazi. Wote wamesoma. Kwenye dot ya Glody usikanyage. Sitaki wakwe wakunyooshee vidole. Papy anangoja bandarini barabara ifunguliwe. Akirudi Jumatano atampitia baba kwako. Umvalishe viatu.

Huguette


Harrismith
Jumanne, 24 Septemba 2024

Yaya Huguette,

Salamu. Mimi nakuuliza afya, kwa sababu mama alitufundisha sote wawili. Goti linaendeleaje? Glody hajambo? Hapa watoto wapo. Narudia: watoto wapo. Soma mpaka mwisho kabla hujarudi kwenye lile grupu.

Theluji ilianguka usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi mlango ulikataa, Innocent akausukuma kwa bega mpaka ukapata upenyo wa mtu kupita. Umeme ulikuwa umekatika. Gari letu halikuonekana, ila kioo cha pembeni kilikuwa kimechomoza. Majirani wanasema hawajaona ya hivi tangu wawe watu wazima. Peguy alichota theluji kwa bakuli, akaitia sukari, akampelekea babu yake. Baba alicheka, akasema Bukavu hawatasadiki. Nakuandikia hilo ujue kwamba asubuhi tulikuwa watu wanaopendana.

Sasa sikiliza habari ya jiko lako. Nyumba yetu ya Bukavu ilikuwa ya mbao. Mbabula ilikaa katikati, tukalala kuizunguka, na upepo ulipita kwenye nyufa mpaka asubuhi. Nyumba hii ni ya matofali, na tangu Juni Innocent ameziba madirisha kwa plastiki na matambara. Hapa kila msimu wa baridi kuna nyumba ambayo watu wanaingiza mkaa ndani, wanalala na hawaamki. Jirani yangu Msotho, anayefanya usafi kliniki, aliniambia hivyo mwaka wangu wa kwanza. Na mimi nilimwambia baba siku aliyoshuka kwenye basi na mbabula yako: hii ni ya nje tu. Akasema sawa.

Jumamosi baada ya chakula bati la nyumba lilianza kulia kwa uzito. Mimi na Innocent tulitoka kuiangusha theluji kwa ufagio na sinia, maana sepetu hatuna. Baba alibaki na watoto. Aliona Agathe ana mikono baridi. Akawasha mbabula nje ya mlango wa nyuma, akangoja moshi uishe, mkaa uive uwe mwekundu wote, ndipo akaiingiza chumbani kwa watoto. Akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa blanketi. Alifanya kila kitu kama tulivyofundishwa, yaya. Alingoja moshi uishe. Sote tulikua tukijua kwamba kinachoua ni moshi. Kumbe mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua bila kukohoa.

Nilipoingia saa tisa nyumba ilikuwa kimya. Peguy halali mchana tangu afikishe miaka mitatu. Nilimwita. Nikamtikisa, kichwa kikaanguka upande. Agathe alikuwa amelegea kama nguo iliyoloweshwa. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti, macho nusu wazi, anatabasamu.

Ndiyo, nilivunja kioo kwa sufuria. Ndiyo, mbabula niliirusha, niliishika kwa mkono mtupu kwa sababu kitambaa sikukiona, na ngozi ya kiganja changu cha kulia imebaki kwenye mshikio wako. Ndiyo, baba nilimburuta. Nilipomshika alisema, "Acha, Clara, iko joto muzuri." Innocent alikuwa ametoka na watoto wawili mikononi, mimi nimebaki na mzee wa kilo themanini ambaye miguu haimbebi. Alianguka mara mbili. Viatu sikuvikumbuka. Unisamehe kwa soksi.

Gari la wagonjwa lilisema haliwezi kufika. Yule jirani alikuja kwa miguu, theluji ikimfika magotini. Agathe alilia wa kwanza. Peguy alikaa, sijui muda gani, usiniulize, kisha akatapika na kufungua macho. Ndipo na baba akili ikamrudia. Akajikuta ameketi kwenye theluji, majirani wanamtazama, binti yake anapiga kelele, "Unataka kuniulia watoto?" Hilo nililisema. Hapo ndipo aliposema neno la maji, akachukua simu ya Innocent, akakupigia.

Nawe hukuuliza. Ungeweza kusema tu, "Baba, ilikuwaje?" Ungempigia Innocent alipopata chaji, wewe namba yake unayo. Ulikuwa na wateja wa kukusikiliza. Ulinishtaki, ukanihukumu, ukanitangaza mpaka Lille, mkaa wako ukiwa bado haujapoa.

Kwenye grupu hukusema ni mbabula ya nani. Sisemi ulitaka mabaya, najua ulimpa kwa upendo. Nasema tu kwamba wewe umeniita mchawi mbele ya ukoo, na mimi mpaka leo sijamtajia mtu jina la mwenye jiko.

Jana Peguy alimwendea babu yake, bado anayumba kidogo akitembea. Akamwambia, "Babu, nilikuwa nakuita. Mudomo ilikataa kufunguka." Chakula baba anapokea kwa Innocent tu. Hajaniomba radhi, nami sijamdai. Na yeye nimemkasirikia, ukitaka kujua. Nina hasira ya kuwatosha nyote wawili.

Kesho atakuja na Papy, barua hii ikiwa kwenye koti lake. Amevaa viatu. Mbabula nayo inakuja, imebonyea ubavu.

Glody nilimbeba mimi mgongoni siku tulipovuka mpaka, kwa kuwa wewe ulikuwa na homa. Mwambie mama yake mdogo anamtakia heri. Mimi kwenye dot yako siji, na barua usinijibu.

Mdogo wako,
Clara


Umbilo, Durban
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Mdogo wangu Clara,

Peguy anaendeleaje? Bado anayumba? Agathe ananyonya vizuri? Na mkono wako umeufunga na nini, usije ukaoza? Shemeji analala? Sijui niulize nini kwanza. Nilipaswa kuuliza Jumamosi.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, baba ameketi mbele yangu na koti lake, ananitazama. Nilipomaliza nilimfokea. Mimi, niliyekutoa kwenye familia kwa kumfokea mzee. Nilimwambia angeniletea majeneza mawili. Hakujitetea. Alisema, "Ndiyo."

Nimejaribu kutafuta pa kukulaumu, nisikufiche. Nilijiambia kama usingenifungia namba ningekupigia na kuuliza. Ni uongo. Nisingeuliza. Nilikuwa na kinyongo cha miezi mitatu, nikapata pa kukimwagia.

Kwenye grupu nimeandika yote, na mwenye mbabula nimemtaja kwa jina. Shangazi wa Lille amenijibu kwa herufi kubwa tupu.

Lakini sikia hili. Jana baba aliposhuka kwenye lori nilimpa glasi ya maji. Akaisukuma. "Kwanza ya Clara," akasema. Nikadhani ni uchovu. Jioni tena, akaisukuma. Tangu jana anakunywa bombani kwa kiganja chake mwenyewe, kama mtu aliye safarini. Nikamuuliza Jumamosi itakuwaje. Akanijibu: "Neno nililisema mbele ya watu. Itatoka mbele ya watu. Sitapokea mahari ya mutoto na neno ile mu kinywa."

Nikamwambia wageni ni sabini, mbuzi ameshanunuliwa.

"Basi wakule mbuzi," akasema, "na waende kwao."

Unamjua. Glody analia chumbani. Wakwe nao wanapiga simu kuuliza waje saa ngapi, na mimi nawajibu nitawaambia.

Papy atakuletea hii kesho asubuhi. Teksi za Durban zinaondoka hapo kwenu mchana. Sikuombi unisamehe, kwa sababu ningekuwa wewe nisingesamehe. Nilisema usikanyage hapa, nimekosa. Njoo na hasira zako zote, kitanda kipo. Nitanyamaza. Utaniona nikinyamaza, jambo ambalo hujaliona tangu uzaliwe.

Yaya wako,
Huguette


Umbilo, jikoni kwako
Jumapili, 29 Septemba 2024

Yaya Huguette,

Umeamkaje? Mimi nimeamka salama, na Agathe pia. Ukiisoma hii tutakuwa tumeshapanda teksi. Sikutaka kukuamsha, na sikutaka tuagane, kwa sababu wewe ungeanza kulia nami ningelazimika kuwa mwema.

Jana ulitimiza ahadi. Ulinyamaza. Hata mmoja wa wakwe alipouliza mkono wangu una nini, ulinitazama mimi nijibu.

Kikombe nilikishika kwa mkono wenye bandeji, kwa kuwa wa kushoto haufai kumpa mzee kitu. Watu sabini walikuwa wanatazama. Baba alikunywa mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Tena." Akanywa cha pili, ndipo akawaambia wakwe waketi.

Nililia, kila mtu aliona. Usiwaambie nililia kwa furaha. Nililia kwa hasira. Maji hayo yangeweza kunywewa Harrismith, jikoni kwangu, bila wakwe na bila mbuzi, kama mmoja wenu angenisikiliza siku ile. Kuwa upande wa haki kumenichosha zaidi kuliko theluji.

Glody alipendeza. Baba anapokea mahari vizuri, mgongo umenyooka. Nimefurahi kwamba nilikuwepo.

Mbabula niliiona. Imebonyea lakini inawaka, na ulichomea samaki uani, mbali na mlango. Baba alipojaribu kuisogeza karibu na ukuta ulimkataza. Nimeona.

Sijakusamehe bado. Neno lako halitoki kwa vikombe viwili vya maji, maana wewe uliliandika. Lakini namba yako nimeifungua. Usipige leo wala kesho. Nikiwa na hasira sisikii vizuri. Piga Jumatano. Na uanze kwa kuuliza.

Mdogo wako,
Clara