Vidonge vya Jino Langu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Assalamu alaykum, daftari langu. U hali gani? Siku nyingi. Mimi mzima, ila kama mtu aliyelalia mkono – ganzi, mwili mzima.
Tumerudi Kibiti kutoka Dar, mimi na mume wangu Mshamu. Jiwe lake la figo litavunjwa Jumanne ya wiki ijayo, inshallah. Hawapasui tumbo, wanapitisha kamera na leza njia ya mkojo. Kwanza mkojo uoteshwe maabara, waone kama una wadudu. Sista Tasnim, muuguzi wa hospitali, akauliza kama Mshamu ametumia antibayotiki yoyote. Nikasema hapana.
Nilimpa. Siku tatu, vidonge vya amoksilini vilivyobaki nilipong'olewa jino. Mkojo wake ulikuwa unanuka. Niliona haya kumkabidhi mtu wa maabara chupa ya mkojo ule.

Ijumaa, 8 Agosti
Sista kapiga. Mkojo safi! Mshamu kaenda Ijumaa kwa miguu, mkono kiunoni. Karudi na utani – jiwe likitoka atalitia kwenye pete, anivishe. Nikacheka. Ndani, hamna kitu.

Jumapili, 10 Agosti
Sista tena, maswali yaleyale. Nikamwuliza mbona anarudia. Akasema mwaka jana walimpoteza mgonjwa. Alikunywa dawa kidogo kabla ya kipimo, akaficha. Wadudu wanabaki ndani ya jiwe, kipimo hakiwaoni. Jiwe likivunjwa wanaingia kwenye damu. Homa, siku mbili, basi. Tangu hapo kila mtu anaulizwa mara mbili.
"Kwa hiyo mama, baba hakunywa?"
Nikasema hapana. Ulimi ulisema wenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti
Tuko Dar, kwa wifi yangu Biasha. Baada ya alasiri nimemwambia Mshamu yote. Alikuwa anakunja kanzu. Hakunifokea. Akasema tukisema tutarudishwa, foleni mpaka Oktoba, na yeye kusujudu hawezi tena.
"Nyamaza, mke wangu. Mungu anaijua nia yako."
Nimeswali rakaa mbili. Machozi hayaji. Namsikia sebuleni, anamsimulia Biasha habari ya pete.
Nimemtumia sista ujumbe. Tiki moja tu, haujafika. Nimeandika hivi: Sista Tasnim, Mshamu alikunywa amoksilini kwa siku tatu, kabla ya kipimo. Nilimpa mimi, yeye hakujua ni makosa. Nimekudanganya mara mbili. Kesho anaingia saa moja asubuhi. Naomba unijibu mapema.